Difu ya Hilux inavuma na ekseli inavuja: nibadilishe vyote?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux LN106 ya 1994, dizeli ya 2.8, nabebea viazi kutoka Makete kwenda Njombe mjini. Tangu mvua zilizopita difu ya nyuma inavuma nikifika kilomita 60 kwa saa, na nikiachia mafuta mlio unabadilika. Tairi la nyuma kulia limelowa oili mpaka ndani ya ngoma ya breki. Fundi wa hapa ananiambia ninunue difu ya mtumba pamoja na ekseli zote mbili. Je, yuko sahihi? Na nikinunua, niangalie nini?

JIBU: Marahaba. Kabla ya difu tuzungumze breki, maana hilo ndilo linaloniogopesha katika barua yako. Breki shuu iliyolowa oili ya difu haishiki, na ukioshea petroli itaonekana safi huku oili imeshaingia ndani ya ile bitana. Ukiwa na mzigo kwenye mteremko, gari litavutwa upande mmoja au lisisimame kabisa. Tafadhali usipakie viazi mpaka umefunga shuu mpya, kulia na kushoto kwa pamoja.

Sasa difu. Unaona una matatizo mawili, mimi naliona huenda ni moja. Juu ya hauzingi ya ekseli ya nyuma, yaani ganda la chuma linalobeba difu na ekseli, kuna kipumulio kidogo, kofia ya chuma unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Oili ikipata moto hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Tope likikauka juu yake, hewa haina njia, inasukuma oili kupitia oili sili za ekseli, na oili inaishia kwenye ngoma ya breki. Ukivuka mto hauzingi ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili zilezile. Difu inabaki na oili pungufu, tena yenye maji, na krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu, zinaanza kulika. Ndiyo maana nilipoona umeandika "tangu mvua zilizopita" akili yangu ilienda huko moja kwa moja. Ukifunga difu nyingine bila kusafisha au kubadilisha kipumulio, baada ya msimu mmoja utakuwa umerudi pale pale.

Usinunue kitu kabla ya kumwaga oili iliyomo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia, unga laini mweusi ni wa kawaida kwa gari la umri huo, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi iliyovunjika. Mlio nao unasema. Mvumo unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, kama wako, mara nyingi ni krauni na pinioni au beringi za pinioni. Ungebadilika unapokata kona, uzito ukihamia upande mmoja, ningeshuku beringi ya gurudumu. Na kama gari hugonga "ko!" unapotoka mbele kwenda rivasi, tikisa kwanza kroso za propela, yaani viungo vya ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Watu wengi wameuziwa difu kwa kosa la kroso.

Kwa dalili ulizoeleza, fundi wako ana haki kuhusu difu. Kuhusu ekseli zote mbili sikubaliani naye. Ekseli yenyewe ni chuma kigumu sana na huweza kuishi kuliko bodi ya gari. Vinavyokufa ni beringi na sili. Itoe, ipanguse, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, basi badilisha ekseli hiyo. Angalia pia kama meno ya ncha ya ndani yamejipinda, na kama uso wa kufungia tairi umepinda. Vikiwa salama, funga beringi na sili mpya pande zote mbili na ubaki na ekseli zako. Ukilazimika kununua, nenda na ya zamani mkononi, uzilaze sambamba: urefu, idadi ya meno, matundu ya stadi. Ekseli za Hilux zisizo na 4WD (nguvu kwa magurudumu yote manne) mara nyingi ni fupi, na muuzaji anaweza kukupa bila hata yeye kujua.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa za watu zinapopotea. Difu ya mbele na ya nyuma kwenye gari la 4WD kama lako lazima ziwe na uwiano mmoja, yaani propela izunguke mara zilezile ili matairi yazunguke mara moja. Hilux za aina yako zilitoka na uwiano tofauti kufuatana na soko na matairi: kuna 4.1, 4.3, 4.556 na mwingine. Difu ya 4.1 ina krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Ya 4.556 ina krauni ya meno 41 vilevile, ila pinioni ina meno 9. Kwa hiyo anayehesabu krauni peke yake ataapa zinafanana! Ukifunga ya 4.1 nyuma huku mbele kuna 4.556, kila propela inapozunguka mara 41, matairi ya nyuma yanazunguka mara 10 na ya mbele mara 9. Ukiwa kwenye lami na 4WD imetolewa hutasikia lolote, pengine kwa miezi, isipokuwa spidomita itakudanganya. Siku utakayokwama kwenye tope na kuingiza 4WD ndipo ekseli mbili zitaanza kuvutana, na kinachovunjika mara nyingi ni transfa kesi, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Nimewahi kuletewa gari la namna hiyo, difu ilifungwa gereji nyingine, na mwenye gari alikuwa ameshamlaumu kila mtu aliyeligusa. Iliniuma, kwa sababu kuhesabu kunachukua dakika tano.

Hesabu hivi. Weka gia nyutro, weka kabari, inua tairi moja tu la nyuma, jingine libaki chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi raundi mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikienda mara nne na kidogo tu, ni 4.1. Ikipita mara nne na nusu, ni 4.556. Difu ya kununua ikiwa mezani, hesabu meno ya krauni, kisha ya pinioni, gawanya. Fanya hivyo mwenyewe, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, hata muuzaji akionyesha haraka.

Nunua kichwa cha difu kizima, krauni na pinioni zikiwa zimeshafungwa ndani. Hizi mbili husagwa pamoja kiwandani na huoana kwa maisha. Krauni ya hapa na pinioni ya pale zitalia hata zikiwa mpya. Kwa difu ya inchi 8 kama yako, mchezo kati ya meno yake unatakiwa kuwa milimita 0.13 hadi 0.18, na hiyo hupimwa kwa geji, haikisiwi kwa mkono. Ndiyo sababu kichwa cha mtumba kilichotoka kwenye gari bila kufunguliwa nakipenda kuliko kilichokwisha kuchokonolewa. Shika pinioni uitikise juu na chini. Ikicheza, kiache.

Kufunga si kugumu. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Ngoma zitoke, paipu za breki na waya wa hendibreki ufunguliwe, nati nne za bamba la breki kila upande, ekseli ivutwe nje na bamba lake. Toa propela, fungua nati kumi za kichwa, kishushe juu ya jeki kwa sababu ni kizito. Osha hauzingi ndani mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana vipande vya difu ya zamani vitaua mpya. Beringi za ekseli zinataka presi ya haidroliki. Ukimwona mtu anazipiga kwa nyundo, chukua ekseli zako uende kwingine. Jaza oili ya difu iliyoandikwa GL-5, 80W-90, mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa, kiasi cha lita mbili na kidogo, halafu toeni upepo kwenye breki.

Safari ya kwanza nenda bila mzigo kilomita 20, simama, gusa hauzingi karibu na pinioni. Joto la kawaida mkono unavumilia. Ikikuchoma usiendelee, beringi ya pinioni imebanwa mno au oili haitoshi. Baada ya kilomita 500 mwaga oili hiyo uweke nyingine, na uangalie tena ile sumaku.