Taa zinafifia kila besi inapopiga: nifunge kapasita?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimefunga amplifaya ya sabufa ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) iliyoandikwa wati 3000, ina fyuzi mbili za ampea 30. Waya kutoka betri hadi kwenye buti ni wa milimita za mraba 8, urefu mita 5. Alteneta ni ya ampea 80. Nikipandisha sauti, taa za mbele zinafifia. Nimeambiwa kapasita ya faradi 1, kile kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka, itamaliza tatizo. Ni kweli?

Jibu: Nzuri. Kapasita iache kwanza. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inatoa jouli 26 tu, na mzigo wako unazimaliza kwa takriban sekunde 0.03. Kisha nayo inaanza kudai umeme kwa alteneta ileile.

Zile wati 3000 nazo zisahau, zisome fyuzi. Ampea 60 mara volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Daraja D hupeleka kwenye spika kama asilimia 80, sawa na wati 660, na hizo si haba. Zinazobaki huwa joto.

Sasa taa. Washa injini, weka multimita (kipima volti) juu ya vichwa vya betri vyenyewe, piga besi nzito. Ikishuka chini ya volti 12.6, alteneta imezidiwa na betri ndiyo inayolisha gari. Kumbuka zile ampea 80 hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Bila kukanyaga mafuta hutoa pungufu sana, na gari lenyewe linahitaji sehemu yake. Kama betri inabaki karibu na 13.8 na taa bado zinafifia, kosa liko kwenye ethi: waya wa betri hasi kwenda bodi, au wa injini kwenda bodi. Umeme wa amplifaya unarudi kwa njia hiyohiyo inayotumiwa na taa. Badilisha nyaya hizo ziwe nene kabla ya kufikiria alteneta kubwa.

Waya wako mwembamba haufifishi taa, unainyima amplifaya. Kwa ampea 60 unapoteza volti 0.65 njiani, hata ukiwa shaba tupu. Ukwangue kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba na hasara ni kubwa zaidi. Vuta shaba ya milimita za mraba 25. Hasara inashuka hadi volti 0.2. Ethi ya amplifaya iwe na unene huohuo, isizidi nusu mita, ifungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae.

Hukutaja fyuzi ya karibu na betri. Kama haipo, chomoa waya leo. Fyuzi za kwenye amplifaya haziulindi. Ukichubuka na kugusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea na gari litawaka moto. Weka fyuzi ya ampea 60 ndani ya sentimita 30 kutoka betri, na mpira wa kinga pale waya unapopenya bati.