Barua kwa mwanangu: umeniuliza kuhusu unga, nakujibu kuhusu usingizi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwanza. Sisi huku wazima, goti la baba yako limetulia, na dada yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza jambo moja tu: kati ya unga wa protini na vidonge vya madini ya magnesiamu ununue kipi kwanza, maana unakimbia alfajiri siku sita kwa wiki na mwili hauonyeshi mabadiliko. Kisha pale chini kabisa, kwa mstari mmoja, ukaandika kwamba unalala kwenye saa sita usiku na kengele inakuamsha saa kumi na nusu.

Mimi nimekwama kwenye mstari huo. Unga utasubiri.

Unanijua. Nimelisema hili mpaka kaka yako akawa ananiigiza sauti mezani: mazoezi hayajengi mwili, yanaubomoa. Kinachojenga ni chakula na usingizi. Ukikimbia kilomita nane, nyuzi za misuli hupata michubuko midogo midogo, maji hutoka, na glaikojeni, yaani ule wanga uliowekwa akiba ndani ya misuli na ini, hupungua. Hapo umeagiza ujenzi tu. Mafundi huingia kazini usiku, nawe unawafukuza saa kumi na nusu, kisha unashangaa ukuta haupandi.

Usiku una mpangilio wake. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90, na mizunguko hiyo haifanani. Theluthi ya kwanza ndiyo yenye usingizi mzito zaidi, ule ambao ukiitwa husikii, na ndipo sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji humwagwa kwenye damu. Kuelekea alfajiri usingizi wa ndoto huongezeka, na huo una kazi yake katika kumbukumbu na hisia. Kwa hiyo ukikata usiku katikati hupunguzi kila kitu kwa usawa. Usingizi mzito mwili huupigania na kuupata kwa kiasi. Kinachopotea zaidi ni ule wa mwisho. Ndiyo maana unaniambia umekuwa mwepesi wa hasira na kazini unarudia ukurasa mmoja mara tatu. Mtu mzima anahitaji saa 7 kwenda juu, wengi kati ya 7 na 9, na anayejichosha kwa mazoezi asitarajie kuridhika na kiwango cha chini. Wewe unazo nne na nusu, tena tukihesabu na dakika za kujigeuzageuza.

Na kwa kuwa umesema unataka kupunguza mafuta ya tumboni, sikiliza hili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya watu 10 wenye uzito uliozidi. Walipunguziwa chakula kwa awamu mbili za siku 14: awamu moja walipewa saa 8 na nusu za kulala, nyingine saa 5 na nusu. Uzito uliopungua ulikaribiana, kama kilo 3 kila awamu. Lakini walipopewa muda wa kutosha kulala, kilo 1.4 kati ya hizo ilikuwa mafuta. Walipobanwa, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 0.6 tu, na kilichobaki kilitoka kwenye sehemu ya mwili isiyo mafuta, misuli ikiwemo. Njaa nayo iliongezeka. Najua utasema watu kumi ni wachache, na ni wachache kweli. Ila kila mmoja alilinganishwa na yeye mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuyatupa matokeo hayo.

Sasa barua yako imenirudisha kwenye zile mbio zako za mita 1500. Usicheke. Ulikuwa na miaka 16, mmewekwa kambini wiki mbili nzima, na yule kocha wenu aliwaamsha saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu huku taa za madarasa zikizimwa saa tano usiku. Asubuhi mlipewa chai ya rangi na mkate mkavu, baada ya mazoezi hakuna kitu mpaka mchana. Siku ya fainali uliongoza mizunguko miwili. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, wanne walikupita ndani ya mita mia moja, na yule bwana akasema mbele ya wazazi wote, akisikika vizuri, "Huyu hana moyo."

Hana moyo! Mtoto aliyekuwa anafunga kamba za viatu mikono ikimtetemeka kwa njaa!

Baba yako hubishana nami hapa, na lazima nimpe haki yake. Anasema usiku mmoja mbaya haumwangushi mkimbiaji. Ni kweli: usiku mmoja wa kukesha haupunguzi sana nguvu ya misuli yenyewe, kinachobadilika zaidi ni jinsi kazi inavyohisiwa, kasi ileile ya jana leo inaonekana mzigo. Anasema pia ulitoka kwa pupa mzunguko wa kwanza. Huenda. Papara unayo, hukuirithi kwangu. Lakini haukuwa usiku mmoja, zilikuwa wiki mbili za usingizi wa saa tano tu, katika umri unaohitaji saa 8 hadi 10. Na mwanariadha anayekimbia kila siku bila kurudisha wanga huingia uwanjani akiba yake ikiwa nusu. Mizunguko miwili ya kwanza hudanganya, wa mwisho husema ukweli. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford, walioambiwa walenge saa 10 kitandani kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Mbio zao fupi zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru iliyoingia iliongezeka kwa asilimia 9. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, nakubali. Bado ningependa yule bwana ayasome.

Basi. Turudi kwenye sahani yako.

Kwa mtu anayefanya mazoezi kama wewe, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito ni lengo zuri. Uliniandikia una kilo 60, kwa hiyo ni gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na kipande cha samaki au kuku wa gramu 100, kikiwa kimepikwa, kati ya 22 na 30. Ukila mayai matatu na glasi ya maziwa asubuhi, una 26. Kikombe na nusu cha maharage na sahani ya wali mchana, karibu 28. Kikombe cha mtindi jioni, 8 au 9. Samaki wa gramu 120 usiku, kama 28. Jumla inafika 90, na mboga na karanga zinamalizia. Hesabu hiyo haijagusa kopo lolote.

Kinachoharibu kwako si jumla bali mgawanyo. Umeandika asubuhi unakunywa chai na vipande viwili vya mkate, mchana "chochote", usiku nyama nyingi saa nne. Misuli hutumia vizuri protini ikija kidogo kidogo, gramu 20 hadi 35 kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku. Ukiirundika yote usiku, asubuhi baada ya kukimbia misuli inangoja vifaa na hakuna kinachofika. Tena mlo mzito karibu na kulala huleta kiungulia. Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala, na ukiumwa na njaa baadaye kunywa maziwa au ule ndizi, inatosha.

Wanga usiuogope. Anayefanya mazoezi ya kama saa moja kila siku anahitaji gramu 5 hadi 7 kwa kilo, kwako zikiwa 300 na zaidi, na glaikojeni huchukua karibu siku nzima kujaa upya. Unayeacha wali usiku na kukimbia alfajiri tumbo tupu unatoa kila siku bila kuweka. Kuhusu maji, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia: ukipungua nusu kilo, kunywa polepole robo tatu ya lita katika saa chache zinazofuata. Hilo halina fumbo.

Chai nayo. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, wengine zaidi. Kikombe chako cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku kama nusu yake bado iko kichwani, ikizuia ile kemikali inayokujulisha kwamba umechoka. Unaweza hata kusinzia, lakini usingizi unakuwa wa juujuu. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana. Na usinywe chai pamoja na mlo, iachie saa moja kabla au baada, kwa kuwa inapunguza ufyonzaji wa madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Ukitaka kuyaongeza, kamulia limau au kula chungwa palepale.

Halafu kuna hili, usimgombeze dada yako kwa kuniambia. Siku zako zimechelewa. Mwanamke anayejichosha sana na kula pungufu, mwili huanza kukata huduma unazoona si za lazima, na hedhi ndiyo ya kwanza kukatwa. Mifupa hufuata, maana estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka mfupa hauimariki inavyopasa, na zile nyufa ndogo za mfupa wa mguu zinazowasumbua wakimbiaji mara nyingi huanzia hapo. Ikipita miezi 3 bila kuona siku zako, na si mimba, nenda kwa daktari, usiongeze kilomita. Ukiwa huko mwombe apime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Usianze vidonge vya chuma kwa kukisia. Madini hayo yakizidi yana madhara yake.

Usingizi unaurudisha hivi. Usijaribu kuhama kutoka saa sita hadi saa nne usiku mmoja, utalala macho yakiangalia dari. Vuta nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata siku ya mapumziko usiizidishe kwa zaidi ya saa moja. Toka nje kwenye mwanga mara jua likichomoza, maana ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Jioni punguza taa, simu ilale chumba kingine. Chumba kiwe giza na kipoe. Ukikaa kitandani kama dakika 20 usingizi usije, inuka ukae mahali penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Mchana unaweza kupumzika kama babu yako, dakika 20 tu, kabla ya saa tisa. Yeye alijua siri hiyo bila kuambiwa na mtu: akipitisha nusu saa aliamka mkali kuliko alivyolala, maana alikuwa ameingia usingizi mzito akakatizwa.

Na mbio zipungue, siku nne badala ya sita. Mbili za polepole, kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima, moja ya vipande vya haraka, yaani kasi kwa muda mfupi, kupumzika, kisha kurudia, na moja ndefu. Siku ambayo hukufikisha saa 6 za usingizi, acha vipande vya haraka, tembea. Najua utaona unarudi nyuma. Mimi mwenyewe nikikuwaza umelala huku wenzako wanakimbia roho inasita, maana na mimi nililelewa na watu walioamini usingizi ni uvivu. Kisha namkumbuka yule bwana na kengele ya mzunguko wa mwisho, na kusita kunaisha.

Magnesiamu: ushahidi kwamba inaleta usingizi kwa asiyepungukiwa nayo ni dhaifu, na ikizidi huharisha. Iko kwenye maharage, karanga, mbegu za maboga na mboga za majani ya kijani. Unga wa protini ni chakula, si dawa. Kijiko kimoja cha kupimia hutoa gramu 20 hadi 25, na mtu ambaye kweli hapati nafasi ya kupika asubuhi anaweza kuutumia bila dhambi. Akiukoroga saa kumi na nusu baada ya usingizi wa saa nne na nusu tu, hapo nina maneno yangu, lakini wewe ni mtu mzima na hela ni yako. Sijasema usinunue. Andika kwa wiki mbili saa ulizolala na ulichokula, zilivyo na si unavyotaka ziwe, unitumie, halafu uniulize tena.

Na ukifika kwa daktari nipigie simu siku hiyohiyo, usingoje barua.

Mama yako