"Mandibula" kwenye majibu ya eksirei

SWALI: Mdogo wangu alianguka na pikipiki, akagonga kidevu. Majibu ya eksirei yanasema mandibula imevunjika mara mbili, "mwilini" na kwenye "kondaili". Mbona mwilini hana jeraha? Na kufungwa meno kwa waya wiki nne ni lazima?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mandibula ni mfupa mzima wa taya la chini, kidevu ni sehemu yake ya mbele tu. "Mwili" hapo si kiwiliwili, bali ni kipande cha mlalo kinachobeba meno ya chini. Kwa nyuma mfupa hupinda (hiyo ndiyo pembe), kisha hupanda hadi sikioni. Kondaili ni kichwa chake cha juu. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, fumbua na ufumbe mdomo: kinachocheza pale ndicho.

Kuvunjika mara mbili ni kawaida sana. Ncha zote mbili za taya zimeshikamana na fuvu, kwa hiyo pigo la kidevuni husafiri hadi kondaili, mara nyingi ya upande wa pili. Akiona ufa mmoja, daktari makini hutafuta mwingine. Tena, ndani ya mfupa hupita neva ya mdomo wa chini na kidevu. Mgonjwa akisikia ganzi hapo, mwelezeni daktari.

Waya hauungi mfupa. Kazi yake ni kuyashika meno yakutane kama zamani wakati mfupa unajiunga wenyewe, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Ukifunguliwa mapema, vipande vinahama na meno hayakutani tena. Lakini kondaili ikikaa imefungwa muda mrefu, kiungo hukakamaa, ndiyo maana daktari wenu amechagua muda wa chini. Baada ya hapo afanye mazoezi ya kufumbua mdomo atakayoelekezwa. Pleti (vibamba vidogo vya chuma vya kushikilia mfupa) na skrubu hupunguza muda wa waya, ila zinahitaji upasuaji.

Nyumbani apewe uji mwepesi, maziwa na supu iliyosagwa na kuchujwa, kidogo kidogo mara sita au zaidi kwa siku, maana atapungua uzito. Kila akila asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Asinywe pombe kabisa. Akitapika, mwinamisheni mbele kwanza. Matapishi ya majimaji hupenya kwenye meno. Akishindwa kupumua, kateni waya. Koleo la kukatia likae karibu naye usiku na mchana, na kabla ya kuondoka hospitali mwonyeshwe ni nyaya zipi za kukata.