Barua kwa mwanangu: kuhusu vyuo vyako viwili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena. Umekubaliwa na vyuo viwili kusomea uhandisi wa umeme na elektroniki: kimoja kikongwe chenye jina, kingine kichanga ambacho wenzako wanakicheka. Unauliza uende kipi. Baba yako ameshasema ufuate jina, nawe umemsikia. Mimi nina swali kwanza: hicho chenye jina, maabara yake inafungwa saa ngapi?

Unanijua, mimi ni fundi. Umeme hausomi vyeti. Nimelisema hilo tangu siku uliyoifungua redio ya bibi yako ukairudishia, zikabaki skrubu mbili mkononi.

Kuna ile habari ya pampu. Najua mmeisikia wote hapo nyumbani, ila baba yenu huwa ananikatiza kabla sijafika penyewe. Mota ilikuwa imetolewa kubadilishiwa beringi, ikarudishwa, ikawashwa. Maji yakaja kwa unyonge. Mhandisi wetu alikuwa kijana mwenye shahada ya chuo kinachojulikana na kila mtu. Akakaa na makaratasi, akapiga hesabu za presha, akahitimisha kwamba impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imelika na pampu ifunguliwe. Mimi nikachuchumaa, nikasugua grisi kwa kidole gumba kwenye ganda la pampu mpaka ukatokea mshale, ule unaoonyesha upande wa kuzunguka. Nikaomba mota izimwe, nikaikodolea macho shafti ikipunguza mwendo. Ilikuwa inakwenda kinyume cha mshale. Pampu ya namna ile ukiizungusha kinyume haigomi. Maji inasukuma, ila kidogo, ndiyo maana inahadaa watu. Nikamwambia, tubadilishe nafasi za fezi mbili tu, kati ya zile nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, zozote mbili. Akanijibu, "Mama, waachie wataalamu."

Ikafunguliwa. Kutwa nzima. Impela ikatoka nzima, haina hata mkwaruzo. Ndipo akaagiza, huku akitazama ukutani, zile nyaya mbili zibadilishwe kwenye boksi la mota. Maji yakapanda. Ripoti ikasema tatizo limegundulika "baada ya uchunguzi wa kina wa kihandisi." Jina langu halikuwemo hata kwenye orodha ya waliokuwepo. Mpaka leo mtu akinitajia uchunguzi wa kina, nasikia moto kifuani.

Haya, utasema mama anawachukia wasomi. Hapana. Maana ni kijana yule yule aliyetuokoa kwenye lile jengo la ofisi lililojaa kompyuta. Waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, ulikuwa unapata moto mpaka ganda lake linalainika, na fezi zote tatu ukizipima zinalingana. Kwa tulivyofundishwa sisi mafundi, fezi zikilingana nyutro haina mzigo. Tulikaza viungo vyote, tukapima upya, tukabaki tumeshika viuno. Yeye akachukua kipande cha boksi, akachora mawimbi matatu, akanionyesha jinsi yanavyofutana yakikutana. Halafu akachora mengine, madogo, yenye kasi mara tatu: umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, hayo ni 150. Vifaa vya kompyuta ndivyo vinavyoyazalisha, na hayo hayafutani. Yote matatu yanapanda pamoja na kushuka pamoja, yanajumlishana ndani ya nyutro. Nilikitunza kile kipande cha boksi. Hesabu yake ni ya Fourier, Mfaransa aliyekuwa akichunguza joto tu, akafa mwaka 1830, mwaka mmoja kabla Faraday hajaonyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya inazalisha umeme. Mkono wangu usingelifika pale hata ningepima mwaka mzima.

Lakini Faraday naye alianza kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, chuo kikuu hakusoma. Umeona? Kila nikielekea upande wa baba yako, kuna kitu kinanirudisha. Kisha namkumbuka Maxwell, aliyeyageuza mawazo ya Faraday kuwa hesabu, na bila hesabu hizo tusingekuwa na redio ya bibi ya wewe kuifungua.

Kwa hiyo nenda kavitazame vyote viwili, wala usiishie getini. Uliza osiloskopu moja, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, inashikwa na wanafunzi wangapi. Mahali ambapo mmoja anazungusha vitufe na sita wananakili majibu, utatoka na alama nzuri na vidole vigeni. Uliza pia kama mwanafunzi anaruhusiwa kurudi maabara jioni na saketi yake iliyokataa kufanya kazi. Msake wa mwaka wa tatu, usiongee na wa mwaka wa kwanza, huyo bado ana furaha. Mwulize mafunzo kwa vitendo aliyafanyia wapi, na kama alipewa kazi au alipewa kiti.

Na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa masomo yenyewe, hilo usilifanyie mzaha. Angalia programu yenyewe, usiridhike na jina la chuo, maana chuo kimoja kinaweza kuwa na programu moja inayotambuliwa na bodi ya wahandisi na nyingine isiyotambuliwa. Ukiwa na ndoto za kufanya kazi nje, angalia kama ithibati hiyo imo kwenye Makubaliano ya Washington, ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi wanachama zinatambuliana shahada za uhandisi. Hapo, nakiri, kuna cheti kinachosomwa. Kinasomwa na watu, lakini. Umeme hausomi.

Unataka niseme kipi. Ulimi unaniwasha, na dada yako amesimama hapa nyuma ananikataza, anasema nikikuchagulia utanipigia simu mwaka wa pili hesabu za Laplace, zile za saketi, zikikukaba. Basi sisemi. Nimeona tu kwamba hicho wanachokicheka kimeandika saa za maabara kwenye tangazo lake, na kile kingine kimeweka picha ya mnara. Ukienda kuvitazama, nipigie ukiwa bado uko huko huko, kuna mengine nitataka uyaulize.

Mama yako