Mnaoniuliza jina la ile gemu ya kumbukumbu

Tangu nitangaze kwamba kijana wangu amesoma Sura Adh-Dhuha mbele ya ustadh, aya zote 11, bila kukumbushwa neno, simu yangu haipumziki. Hongera nimezipokea zote, sikurudisha hata moja. Lakini ujumbe ulionikalisha niandike ni wa dada mmoja wa Kisauni, Mombasa: mwanawe yuko PP2, darasa la chekechea kabla ya kuingia la kwanza, haketi, hasikii, shule imeanza kumchoka. Ameona nikitaja gemu ya kumbukumbu, basi anataka jina tu aipakue usiku huohuo.

Dadangu, jina nitakutumia faraghani. Kwanza nisikilize.

Wangu alipokuwa wa umri huo, nikimtuma dukani chumvi, kiberiti na nyanya, anarudi na kiberiti na hadithi ndefu ya paka aliyemwona njiani. Nyumbani tulicheka. Shuleni hakukuwa na kicheko. Mwalimu mmoja alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema kuna watoto ambao hawakulelewa, na macho yake yakatua kwangu. Kina mama wenzangu wakaanza kutazama mikoba yao. Sijasahau, wala sijaribu kusahau. Akipita hapa akasoma, ajue aya ni 11.

Mtaalamu aliyempima baadaye ndiye aliyenifafanulia kwamba mtoto si mkaidi. Kuna sehemu ya akili inayoshika jambo kwa sekunde chache wakati unalitumia. Alan Baddeley na Graham Hitch waliielezea Uingereza mwaka 1974, nao wataalamu huiita kumbukumbu ya kufanyia kazi. Watoto wengi wenye ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukazia jambo akili, ni dhaifu hapo. Ukimwambia vua viatu, nawa mikono, lete daftari, anabeba maji kwa kiganja: akifika kwenye daftari, viatu vimeshamwagika.

Gemu zenyewe hufanya kazi hivi. Wanyama wanawaka mmojammoja kwenye kioo, kisha mtoto awaguse kwa mpangilio uleule. Akipatia, wanaongezwa, akikosea, wanapunguzwa, ili kila siku awe kwenye mpaka wa uwezo wake. Wangu aliipenda. Haikupita muda akawa ananishinda. Mimi! Mtu ninayekumbuka madeni ya wateja wote wa mahamri bila daftari.

Na chumvi bado hakuleta.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo ya watu. Torkel Klingberg na wenzake wa Sweden walichapisha mwaka 2005 utafiti wa watoto 53 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 12, waliofanya mazoezi haya kwa kompyuta. Wazazi waliona afadhali nyumbani. Walimu hawakuona tofauti ya maana. (Walimu tena!) Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya tafiti 23 za mazoezi ya aina hiyo, wakakuta mtoto huwa hodari kwa muda katika majaribio yanayofanana na gemu, lakini uhodari huo hauvuki kwenda kwenye kusoma, hesabu wala umakini. Na mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, inayouza gemu za akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani kwa matangazo yaliyoahidi zaidi ya yaliyothibitishwa. Kwa hiyo tangazo likikuambia "ongeza akili ya mwanao kwa wiki tano", lipishe liende zake.

Sikuifuta gemu. Niliitoa kwenye kioo. Akimaliza dakika zake, nazima, namtuma kweli: vitu viwili, na hatoki mlangoni mpaka avitaje kwa sauti. Vikizoeleka viwili, cha tatu kinaingia. Akirudi mikono mitupu hagombezwi, anataja upya anakwenda upya. Hili linachosha, sikufichi. Mafuta yako motoni, mahamri yanaungua, na wewe umesimama unamsubiri mtoto akumbuke "kiberiti". Chuoni nilimwomba ustadh ampe nusu aya badala ya aya nzima, amuulize palepale, kisha amuulize tena baada ya swala. Allah amlipe, alikubali bila kuniuliza maswali ya aibu. Adh-Dhuha ilijengwa nusunusu namna hiyo. Tableti haikumfundisha hata herufi yake moja.

Sasa niseme nanyi nyote, maana najua sote tunataka mtoto aje awe rubani au daktari, wala si dhambi. Mtoto wa miaka mitano haachiwi tableti ajifunze umakini peke yake huku sisi tumezama kwenye tamthilia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu au minne asizidishe saa moja ya kioo kwa siku. Madaktari wa watoto wa Marekani, mwaka huohuo, walisema kwa mwenye ADHD ambaye hajatimiza miaka sita, tiba ya kwanza ni kumfunza mzazi jinsi ya kumwongoza. Mzazi, jamani! Na baba ni mzazi pia. Kutuma pesa ya bando si malezi.

Dada wa Kisauni, kabla ya kupakua chochote mpeleke akapimwe masikio, kwa sababu asiyesikia vizuri naye huonekana hasikii la mtu. Kisha uliza shule ikuelekeze kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto kielimu. Hivyo ni vya serikali ya Kenya, vipo tangu 1984, na kazi yao ni kupima watoto kama hawa wetu. Nenda na daftari zake na orodha ya yale unayoyaona nyumbani. Ile pesa ya kulipia gemu kila mwezi, ianze kwa kuwa nauli ya matatu.