Santorini ya nani, mwanangu?

"Shikamoo Shangazi. Nakaa Leicester, ndoa yangu ina miaka tisa. Agosti nataka twende kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Mume wangu, anayefanya zamu za usiku ghalani, kashikilia Granada, Uhispania, tena tumchukue na mama yake tunayeishi naye. Bibi huyo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Mombasa, na sasa magoti yanamsumbua. Mwanamume huyu ni bahili. Wenzangu wote wa kikundi wameshakwenda Ugiriki, nimebaki mimi tu. Nifanyeje? Niliyechoka."

Marahaba. Pole kwa kuchoka, ingawa katika barua hii aliyechoka naona ni anayelala mchana.

"Wenzangu wote wameshakwenda." Kidonda chako kiko hapo. Hukuniambia hata unachotaka kukiona huko. Ufuo? Mchanga wa Perissa ni mweusi, wa volkano, na juani unaunguza nyayo. Wewe unataka picha ya kuba la buluu la Oia, umeipa mgongo bahari. Basi jua kwamba hoteli nyingi za picha hizo zimechimbwa jabalini, ngazi kushuka, ngazi kupanda, na Agosti bei yake si ya mtu wa zamu. Mkishuka bandari ya zamani ya Fira, kurudi juu mjini ni ngazi karibu 600, au magari ya kamba na foleni yake, au punda. Mavyaa umpandishe punda?

Eti bahili! Bahili hamkatii tiketi mtu wa tatu.

Soma tena barua yako. Mama alisomesha chuo. Kuta za kasri la Alhambra, huko Granada, zimejaa Kiarabu, na maneno yanayorudiwa kila upande ni "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Waislamu waliolijenga walilikabidhi mwaka 1492, maandishi yamebaki. Nadhani mumeo anataka mamake asimame pale ayasome mwenyewe kabla magoti hayajagoma kabisa. Kama hakukwambia, je, ulimwacha amalize sentensi?

Ndoa za siku hizi zinaongozwa na simu ya jirani. Sisi tulioneana wivu kwa kanga, na kanga angalau ilikuwa na bei ya kanga.

Nisikudanganye, Granada nayo Agosti ni tanuri, na vichochoro vya Albayzín, mtaa wake wa kale, ni mawe na miinuko. Pandeni basi dogo mpaka Alhambra, tena asubuhi. Tiketi kateni mapema: zina majina, na kasri za Nasrid, za wafalme humo ndani, zina saa yake ya kuingia, ukichelewa umekosa. Kama mama bado ana paspoti ya Kenya, viza ya Schengen, ya kuingilia Uhispania, ianze kushughulikiwa wiki hii.

Ukiitamani bahari, Málaga haiko mbali kwa basi. Kapige picha huko, uwatumie wenzako.

Jioni ya leo muulize mama anavaa viatu namba ngapi, ukamnunulie raba.