Nani Akae Katikati ya Picha ya Familia?

Juzi mchoraji mmoja kijana kaniandikia. Amepata kazi ya kuchora familia ya watu tisa kwa rangi za mafuta, na kila akiwapanga wanatoka kama darasa la saba siku ya mahafali. Anaomba mbinu.

Mbinu ninayo, ila niliipata kwa uchungu. Kaka mkubwa wa familia fulani aliniagiza niwachore wote. Nikamweka mama yao katikati, watoto wakimwelekea yeye. Ni kazi nzuri, nasema bila haya. Alipoiona aliuliza jambo moja tu: "Mimi ninayelipa niko wapi?" Alikuwa nyuma, kushoto. Akaondoka, na salio langu likaondoka naye. Bado inaniuma.

Sasa mtazame John Singleton Copley, mchoraji wa Marekani wa karne ya 18. Alitoka Boston mwaka 1774, mkewe na watoto wakamfuata London mwaka uliofuata, na 1776 akaanza kuwachora. Watu saba. Yeye, baba mwenye nyumba, kajisimamisha nyuma kabisa na michoro yake mkononi. Mbele ni mkewe Susanna, ameinama kumkumbatia mwanawe wa kiume. Babu mzaa mama kampakata mtoto mchanga asiyetulia. Ni Elizabeth tu, binti mkubwa, aliyesimama wima mbele yetu. Wengine wana shughuli zao. Goya naye, mchoraji wa Hispania, katika picha ya familia ya mfalme wake Carlos wa Nne, katikati kamweka Malkia María Luisa, mfalme kasogezwa upande. Na huyo mteja alikuwa mfalme, si kaka wa mtu!

Halafu Goya hakuwarundika wote mara moja. Mwaka 1800 alikwenda Aranjuez, kwenye kasri la kifalme, akawachora mmoja mmoja kwanza, ndipo akawakusanya kwenye turubai kubwa. Nyinyi mnaochora ukoo mzima kutoka picha moja ya simu, tena ya harusini usiku, mnatarajia nini?

Na mikono. Mikono isiyo na kazi ndiyo inayoua picha. Hogarth, mchoraji Mwingereza, mwaka 1742 aliwachora watoto wanne wa akina Graham: mvulana anazungusha kinanda kidogo, anafurahi akidhani ndege kwenye tundu anaimba kwa sababu ya muziki wake. Hajamwona paka aliyeparamia kiti nyuma yake, macho yote kwa ndege. Ukishamwona paka huyo, huwezi tena kusema watoto wale wamekaa tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mpe kila mtu kitu cha kufanya: bibi amenye chungwa, mjomba amfunge mtoto kamba za viatu. Usimwogope mwenye pesa, lakini mwonyeshe mapema. Chora vichwa tisa kwa penseli, taja nani yuko katikati, na anayelipa atie sahihi hapo hapo kwenye karatasi. Nusu ya pesa ichukue kabla hujanunua turubai.